Mzee wa Mkokotoni Niliyemfuta

Kabla sijamfuta mtu aliye hai, nilikuwa na sifa njema ofisini. Mkuu wetu alikuwa akiwaambia wageni, huku ananinyooshea kidole kama anayeonyesha friji mpya, "Huyu binti anaijua ile kompyuta ya giza." Kompyuta ya giza ilikuwa mashine moja iliyowekwa peke yake kwenye kona. Haikuwa na picha wala cha kubofya. Kioo chake kilikuwa cheusi, maandishi meupe, na ukitaka lolote lazima uliandike kwa amri, herufi kwa herufi. Fundi mgeni aliyeletwa na wafadhili aliiacha pale, akaondoka na maelezo yake kichwani. Wenzangu waliiogopa. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya miezi sita Mlandege, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la spea za baiskeli, na mwalimu wetu hakuturuhusu kugusa mashine zenye picha mpaka tuzijue amri. "Picha ni za watoto," akisema. Kwa hivyo siku niliyoiona ile mashine nyeusi nilihisi kama nimekutana na jamaa ugenini.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ofisi yetu ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao zinazolia kila ukizikanyaga, na kazi yetu mwaka ule ilikuwa kugawa vyandarua vya mbu katika mashamba ya kaskazini. Kila nyumba chandarua chake. Waandikishaji walipita katika kila shehia wakaandika majina ya wenye nyumba kwenye karatasi, karatasi zikaletwa mjini, zikachapwa katika mafaili ya maandishi matupu. Kila mwenye nyumba alikuwa na mstari wake: majina yake matatu, yaani lake, la baba na la babu, kisha mkato, shehia, mkato, tarehe ya kuzaliwa, mkato, idadi ya watu wa nyumbani.

Ila waandikishaji walipita mara tatu. Mara ya kwanza mvua iliwanyeshea na karatasi nyingine zikavujiwa wino, wakarudi. Mara ya tatu lilikwenda kundi jipya ambalo halikujua kama wenzao wameshakwenda. Na watu wetu wa shamba wana adabu. Mgeni akija na kalamu akakuuliza jina, humwambii nshaandikwa nenda zako. Unamkaribisha, unampa maji, unamtajia jina. Matokeo yake, majina yakawa mengi kupita vyandarua.

Mkuu aliniita. "Vyandarua haviongezeki," akasema. "Kwa hivyo watu wapungue. Utawapunguza lini?"

Nikamwambia nipe wiki.

Mafaili yalichapwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kijana wa kaskazini aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa, kana kwamba anapiga kelele. Wa pili alikuwa karani wetu mkongwe, Bi Mkubwa kama tulivyomwita sote, mwanamama aliyeanza kazi wakati wa mashine za taipu na aliyekuwa amebakisha miaka michache astaafu. Yeye aliamini kwamba maandishi yaliyobanana ni utovu wa heshima. Kila baada ya mkato alitia nafasi. Akiona jina fupi alilitilia nafasi tatu, ili mistari ilingane na ukurasa upendeze. Ulikuwa unapendeza kweli. Lakini kwa mashine, jina lenye nafasi moja na jina lile lile lenye nafasi tatu ni watu wawili tofauti, hawajuani wala hawajawahi kukutana.

Siku ya kwanza niliandika amri ya uniq, ambayo kazi yake ni kuondoa mistari inayojirudia. Nilibonyeza, nikasubiri kwa furaha. Ilifuta mistari minne. Kati ya maelfu, minne! Nikakaa nikaitazama mashine kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kitunguu kimoja. Ikabidi niende mpaka Mlandege, baada ya sala ya alasiri, nikamkuta mwalimu wangu anafunga mlango.

"Umepanga kwanza?" akaniuliza.

"Nipange nini?"

Akacheka mpaka funguo zikamwanguka. "Uniq anamwona jirani yake wa ukuta kwa ukuta tu, mwanangu. Pacha wake akiwa nyumba ya tatu, hamjui. Wapange kwanza kwa sort, wanaofanana wakae pamoja, ndipo uwapitie."

Kesho yake nikapanga. Nikazigeuza herufi kubwa zote kuwa ndogo, na nafasi za Bi Mkubwa nikazibana, yeye akiwa amekaa pembeni yangu ananitazama kwa huzuni kama ninayemkata nywele mtoto wake. Mistari ikapungua mia kadhaa. Mkuu alipopita na kikombe cha chai aliuliza, "Wangapi leo?" Nikamtajia. Akafurahi kama mtu aliyeambiwa samaki wameingia. Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuja na kikombe chake na swali lake lile lile, "Wangapi leo?", na mimi nikazoea kumpa jibu kubwa.

Siku ya tatu nikakwama. Kulikuwa na mistari miwili niliyoiona kwa macho yangu inafanana, jina kwa jina, nafasi kwa nafasi, na mashine inakataa kuifuta. Nikaipitisha tena, ikakataa. Bi Mkubwa akavuta kiti. Akavaa miwani yake, akaisoma mistari yote miwili kwa sauti, polepole, akanigeukia.

"Hii ni moja."

"Mashine inasema ni miwili."

"Inaona nini tusichokiona sisi?"

Nikakumbuka amri moja ya kuonyesha hata alama zilizofichika. Nikaiandika, na kweli, mwisho wa mstari wa pili palikuwa na alama ndogo ambayo kwa kawaida haionekani, iliyoachwa na kompyuta zenye picha, zile za kijana wa kaskazini. Ilikuwa mwisho wa kila mstari aliouchapa. Bi Mkubwa alirudisha kiti chake nyuma hatua mbili.

"Herufi isiyoonekana," akasema. "Na ipo siku zote?"

"Ipo, Bi Mkubwa."

"Na wewe umekaa nayo siku tatu hujasoma hata aya moja."

Akasoma yeye, kwa midomo, huku mimi naandika amri ya kuiondoa. Ikaondoka. Mpaka leo sijui yeye alimpa nani sifa, mimi au aya. Mistari ilishuka kwa kishindo, na mkuu siku hiyo aliniletea mkate wa ufuta kutoka kwao.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini majina bado yalizidi vyandarua, na mkuu alikuwa keshaonja utamu wa kupungua. Nikaona kwamba kuna mistari inayotofautiana kwenye safu ya mwisho tu, ile ya idadi ya watu nyumbani. Mwandikishaji wa kwanza kaandika sita, wa pili kaandika saba. Mtu ni yule yule. Amezaliwa mtoto tu, au shangazi kaja kukaa. Kwa hivyo nikaiambia mashine isiitazame safu ya mwisho kabisa. Itazame jina, shehia na tarehe ya kuzaliwa. Zikilingana, abaki mmoja. Amri yenyewe ilikuwa fupi kuliko salamu: `sort -t, -u -k1,3`. Nikabonyeza. Hesabu ikashuka, ikashuka, ikaingia chini ya idadi ya vyandarua. Mkuu alinipa mkono mbele ya watu. Orodha ikapigwa chapa kwa ile printa iliyokuwa ikilia kama panzi, ikagongwa muhuri, ikapelekwa kwa masheha, wakuu wa shehia.

Jambo moja sikulifikiri. Wazee wetu wengi hawaijui tarehe waliyozaliwa. Mwandikishaji akiuliza, mzee husema, "Mwaka wa ile njaa kubwa," na mwandikishaji huandika mwaka anaoukisia, na siku huandika mosi Januari. Ukiliamini faili langu, nusu ya wazee wa kaskazini walizaliwa siku moja, mwaka mpya, na wakunga hawakulala. Na majina yetu ndiyo hayo, ya mitume na masahaba, machache na ya baraka, baba anampa mwanawe jina la babu yake, yanazunguka kama tasbihi.

Vyandarua vikaenda kugaiwa. Siku chache baadaye, kiasi cha saa nne asubuhi, nikasikia ngazi zetu zinalia pole pole, ngazi moja moja, za mtu asiye na haraka kwa sababu ana haki. Akatokea mzee mrefu wa kanzu iliyopigwa pasi, viganja vyake vigumu vina alama za uzi. Nikasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye binti unayefuta watu?"

Ofisi nzima ikanyamaza. Bi Mkubwa akaiweka chini kalamu yake.

"Sifuti watu, mzee," nikasema. "Nafuta mistari iliyojirudia."

"Kumbe mimi ni mstari."

Nikampa kiti. Akakaa, akaeleza kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko kama angegomba. Yeye ni wa Mkokotoni, fundi wa kushona nyavu za wavuvi. Siku ya ugavi alipanga foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika sheha alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena.

"Kanambia, 'Wewe nshakupa.' Nikamwambia, mimi? Lini? Kanambia, 'Hapa pana jina moja na nshalitia alama.' Mwanangu, huyu sheha tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa bakora na maalimu mmoja. Ananijua kuliko anavyojua nyumba yake. Nikamwambia, basi nitazame! Kanambia, 'Nakuona. Lakini karatasi ina muhuri.'"

"Sasa nani aliyechukua?" akauliza Bi Mkubwa.

Mzee akageuza uso dirishani. "Mwenzangu," akasema, kama mtu anayetema kokwa.

Ikawa tumeelewa. Huko Mkokotoni, shehia moja, kulikuwa na wanaume wawili wenye jina moja, na baba zao jina moja, na babu zao jina moja, hawana udugu, na wote wawili mosi Januari ya mwaka mmoja. Mwenzake alikuwa fundi wa kushona kofia. Alikuwa amefika mapema, akasikia jina lake likiitwa, akachukua chake akaenda zake.

Mkuu alikuwa ametoka chumbani kwake kwa kelele za kimya. "Mwonyeshe," akaniambia. "Fungua faili la mwanzo, lile lenye watu wote, tuone kama kweli wamo wawili."

Nikakaa kwenye mashine. Mkuu nyuma yangu, mzee pembeni yangu, Bi Mkubwa na nusu ya ofisi nyuma ya mkuu. Ningeweza kulitafuta jina kwa amri moja ndogo tu. Lakini nilitaka kuonyesha kwamba najua. Nikaamua nilipange faili zima ili mistari miwili ije ikae pamoja, waione. Na kwa papara nikaiambia mashine ilipange faili la watu wote na majibu iyaweke katika faili la watu wote, lile lile.

Wanaoijua kazi hii washashika vichwa. Mashine ile, ukiiambia iandike ndani ya faili, kabla ya yote hulisafisha faili ipate pa kuandikia. Kisha ndipo huenda kusoma. Ikaenda kusoma, ikakuta patupu. Ikapanga patupu kwa uangalifu mkubwa, ikanirudishia.

Kioo kikabaki cheusi.

"Wako wapi?" akauliza mkuu.

Nikahesabu mistari. Sifuri.

"Wako wapi?" akauliza tena, kwa sauti ya chini.

Mzee wa nyavu aliinama akakitazama kioo kwa makini, kisha akanitazama mimi. "Umewafuta na wengine?" akauliza. Na nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike alipata faraja kidogo, kwamba hakuwa peke yake.

Nakala nyingine sikuwa nayo. Kijana wa kaskazini alikuwa keshamaliza mkataba na kompyuta zake zilirudishwa kwa wafadhili. Karatasi zilikuwa ghalani zimeliwa na mchwa na mvua. Nilikuwa naanza kufikiria nitamwelezaje mama yangu nitakaporudi nyumbani Mtoni sina kazi, nikasikia sauti ya bati. Bi Mkubwa alikuwa amefungua mtoto wa meza na kutoa tini la biskuti la zamani. Ndani mlikuwa na nyuzi za kushonea, vifungo, kichupa cha mafuta ya karafuu, na chini kabisa, zimefungwa ndani ya kipande cha kanga, disketi sita.

"Kila nilipomaliza kuchapa nilijiwekea," akasema. "Na ya yule kijana nilimwomba siku anaondoka. Mie kitu chenye herufi zisizoonekana sikiamini."

Akanipa moja moja, kila moja ameipuliza vumbi. Ya nne ilikuwa imenata kidogo na inanukia karafuu, ikakohoa ndani ya mashine mpaka tukashika pumzi, lakini ikasoma. Watu wote wakarudi. Safari hii nikatafuta kwa ile amri ndogo, na hao hapo: mistari miwili, jina moja, shehia moja, mosi Januari moja. Mmoja una watu sita nyumbani, mwingine tisa.

"Huyu wa sita ndiye mie," akasema mzee, akauweka mkono wake mgumu juu ya kioo. "Nipo."

"Upo, mzee," nikasema. "Niwie radhi."

"Nshakuwia. Sasa chandarua."

Chandarua hakikuwapo. Vyote vilikuwa vimeshagaiwa. Mkuu akasema tutakwenda Mkokotoni sote keshokutwa na tutakitafuta hukohuko. Na akaniambia kando, "Tafuta safu nyingine itakayowatenganisha hawa, isiyobadilika. Idadi ya watu haifai; mtu anazaa, mtu anaoa. La sivyo mwakani mashine itamfuta tena."

Keshokutwa tukaenda na gari ya ofisi, mkuu mbele, mimi na Bi Mkubwa nyuma, tini lake mapajani. Sheha alitupokea barazani kwake karibu na soko la samaki, mtu mnene mwenye aibu. Wazee wote wawili walikuwa wameshafika. Mmoja amekaa mwanzo wa baraza, mwingine mwisho, kila mmoja anatazama upande wake. Fundi kofia alikuwa mfupi, mviringo, kofia yake imedariziwa vizuri kuliko kofia yoyote niliyowahi kuiona. Kitu pekee walichofanana ni jina.

Sheha alituvuta pembeni akatueleza kwa nini hawasemezani. Zamani, walipokuwa vijana, fundi kofia alipeleka posa kijiji cha pili. Majibu yakaja kwa barua, na barua ikamfikia mwenzake. Fundi nyavu hakuwa amepeleka posa popote, lakini alisoma kwamba amekubaliwa na anaombwa afike siku ya Ijumaa, na akaona si adabu kukataa. Akavaa, akaenda. Akapokewa vizuri, akakalishwa, akala pilau ya watu. Siku ya pili akatokea mposaji mwenyewe. Baba wa binti akamwambia, "Wewe jina hili tulishalilisha jana." Mambo yakaharibika, posa ikavunjika, binti akaolewa na mtu wa tatu. Fundi kofia baadaye alioa kwengine, akazaa, akajaaliwa. Lakini ile pilau hakuisahau.

"Zaidi ya miaka thelathini," akasema sheha. "Wakikutana njiani mmoja husalimia mnazi."

Mkuu akaanza kazi. Akaeleza kwamba makosa yametoka mjini, na kwamba tunataka kitu kimoja kidogo kitakachowatofautisha katika mashine. "Baba mmoja, babu mmoja, haya. Lakini mama hawawezi kuwa mmoja. Kila mtu atutajie jina la mama yake."

Baraza ikaganda. Sheha alijikuna shingo. Mimi, mtoto wa mjini, sikuelewa, mpaka Bi Mkubwa aliponinong'oneza: jina la mama halitajwi ovyo mbele ya mtu mwenye kinyongo nawe. Anayetaka kukudhuru kwa waganga, hilo ndilo la kwanza atakaloulizwa.

"Sisemi mbele yake," akasema fundi kofia, akiuambia ukuta.

"Na mie simwombi aseme," akasema fundi nyavu, akiiambia bahari.

Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza kwa miaka yote hiyo, na hawakuyahesabu.

Bi Mkubwa akasimama, akajitanda vizuri kichwani ukaya wake. "Nambieni mie," akasema. "Sikioni. Mmoja mmoja. Naandika kwa mkono wangu, karatasi inakaa ndani ya tini, na tini linakaa na mie. Mashine haitajua, huyu binti hatajua, mkuu hatajua. Ntawaambia tu kama yanatofautiana."

Wakafikiri. Wakakubali. Fundi kofia akaja kwanza, akainama, akanong'ona. Bi Mkubwa akaandika. Akaja fundi nyavu, akainama, akanong'ona. Bi Mkubwa akaiweka kalamu kwenye karatasi, haikutembea. Akamtazama mzee. "Rejea," akasema. Mzee akanong'ona tena.

Kwanza yalitetemeka mabega ya Bi Mkubwa. Kisha akauleta ukaya mdomoni. Kisha ikawa haiwezekani tena kuzuia, mwanamke mzima wa miaka hamsini na kitu, mtumishi wa serikali, akakaa chini juu ya baraza ya sheha akacheka mpaka machozi, huku tini linagongagonga sakafu.

"Kuna nini?" akauliza mkuu. "Yanatofautiana?"

Bi Mkubwa hakuweza kusema. Akatikisa kichwa tu.

Wazee wale wawili wakageuka. Wakatazamana, nadhani bila kukusudia. Nikaona jambo linawafikia wote kwa wakati mmoja.

"Hata huko?" akauliza fundi kofia.

"Hata huko," akasema Bi Mkubwa, anajifuta macho.

Fundi nyavu akapiga paja lake. "Ebo! Sasa wewe bwana umeniachia nini?"

"Nimekuachia pilau!" akasema fundi kofia, na alikusudia ukali, lakini lilitoka jingine, likatoka kama mzaha, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Sheha aliingia ndani haraka kuagiza kahawa kabla hali haijabadilika.

Nikasema basi, tuache majina. Nyumba zipewe namba. Hakuna nyumba mbili zenye namba moja. Wote wakaona ni sawa, mpaka nilipoanza kuandika. Fundi kofia hakutaka namba inayokuja baada ya mwenzake. Fundi nyavu naye vivyo hivyo. Yeye keshafutwa mara moja, hakubali na kuwekwa nyuma. Ikabidi nianze kuhesabu nyumba kutoka upande wa skuli na kuzunguka kwa njia ya sokoni, ili kati yao ipite mitaa mizima, na mmoja apate namba ndogo lakini mwingine apate namba yenye sifuri mwishoni, ambayo sheha aliapa kwamba ni namba ya heshima.

Bado chandarua. Sheha akakumbuka kuna bibi mmoja nyuma ya soko anayesemekana ana vingi. Tukaenda. Tulimkuta ajuza mwepesi kama jani, anachambua mchele. Vyandarua vitatu alikuwa navyo, na hakuvificha. Kimoja juu ya kitanda chake. Viwili vimetandazwa juu ya banda la kuku.

"Bibi, umepataje vitatu?" akauliza mkuu.

"Mmeniandika wenyewe," akasema. "Wa kwanza aliniuliza jina, nikamwambia jina langu. Wa pili kaniuliza, nyumba ya nani, nikamtajia marehemu mume wangu. Wa tatu kanambia, 'Wewe si mama fulani?' Nikamwambia naam."

Mkuu akanigeukia. Mashine yangu iliwaunganisha wazee wawili mpaka mmoja akatoweka, na ajuza mmoja ikamwacha apite mara tatu kwa salama, kwa sababu hakuna herufi moja iliyofanana.

"Na hivi vya kuku, bibi?"

"Kuku nao si wanaumwa na mbu?"

Alitoa kimoja bila kinyongo, kile cha upande wa majogoo. Fundi nyavu alikipokea, akakinusa, akakikagua matundu kwa macho ya ufundi. Palikuwa na mawili. Akakaa chini pale pale uani kwa ajuza, akatoa sindano yake ya nyavu kwenye mfuko wa kanzu, akayaziba. Fundi kofia alisimama juu yake, anamwambia mshono ule ni mpana mno.

Niliporudi mjini niliirejesha orodha yote upya kutoka kwenye disketi, nikaipitia kwa macho pamoja na Bi Mkubwa, mstari kwa mstari, kila waliofanana tukimpigia simu sheha wao kuuliza kama ni mtu au ni watu. Ilituchukua zaidi ya mwezi. Mkuu aliendelea kuja na kikombe chake, lakini alikuwa haulizi tena wangapi, aliuliza, "Wazima?" Majina yakaongezeka, vyandarua havikutosha, na barua ya kuwaomba wafadhili vingine mkuu aliiandika mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Ramadhani ulipoandama, lilifika ofisini kapu la ng'onda, samaki waliokaushwa, kutoka Mkokotoni, kwa ajili ya Bi Mkubwa. Limeandikwa jina la mtumaji, yote matatu. Hatukujua ni wa nyavu au wa kofia. Bi Mkubwa alituma salamu za shukrani kwa jina hilohilo na akasema zitafika zinakotakiwa. Mwaka wa pili yake yalikuja makapu mawili, siku moja, jina moja. Mkuu alisimama akayatazama, kisha akanitazama mimi.

"Hili la pili," akasema, "ni lile lile la kwanza?"

Bi Mkubwa hakunipa nafasi ya kujibu. Aliyabeba yote mawili, moja huku moja huku, akashuka nayo ngazi.